Uso wa Shangazi Anyesi

Miezi mitatu mizima Nalepo hakuwa na kitako. Akikaa, anainuka, akiinuka, anaishika simu, akiishika, anafungua ukurasa uleule unaoonyesha picha ngapi zimenunuliwa, na ukurasa unamjibu vilevile ulivyomjibu robo saa iliyopita: mbili. Mbili tu, kati ya michoro hamsini na nne aliyoipandisha kwenye mtandao tangu alipopata kishikwambi chake cha mtumba.

Tovuti yenyewe ilikuwa soko la dunia nzima. Mchoraji anaweka kazi yake pale; mwenye kutengeneza tangazo, kitabu cha shule au kipeperushi anachagua anachokitaka, analipa kidogo, anakwenda kukitumia. Mchoro mmoja unaweza usinunuliwe kabisa, au ukanunuliwa mara elfu na watu elfu. Ni hiyo mara elfu iliyomnyima Nalepo raha. Alikuwa anaiona akipiga mswaki, anaiona akikatiza mtaa wa Kijenge asubuhi kwenda kazini, anaiona hata mteja akiwa mbele yake anamtajia tarehe ya harusi.

Kazi yake ilikuwa mjini, kwenye duka la Foram: kadi, mihuri, fulana za vikundi, vipeperushi. Foram alilirithi duka hilo kwa baba yake na alikuwa mwanamke wa maneno machache, miwani puani, asiyepitwa na kitu. Siku moja aliinama juu ya bega la Nalepo.

"Huyo simba wa ngapi?"

"Wa kumi na mbili, dada Foram."

"Wa kumi na moja kamnunua nani?"

Nalepo akarudisha macho kazini. Kwenye kioo simba alisimama kwenye mchanga mwekundu, nyuma yake mti wa mgunga na jua linazama. Alikuwa simba mzuri. Tatizo ni kwamba ukiandika "simba, machweo, Afrika" kwenye ile tovuti wanakuja simba laki mbili, na wengi wao ni wazuri pia.

"Nyumbani kwetu hatuli nyama," Foram akasema, akirudi kwenye kiti chake. "Babu hakula, baba hakula, mimi sijui hata ladha yake. Lakini baba aliuza visu vya bucha hapa hapa miaka ishirini. Duka halijazwi kwa unachokipenda wewe."

Maneno hayo yalimchoma Nalepo, akayakataa, kisha akashinda nayo siku nzima yakimkereketa kama kijiwe kwenye kiatu.

Wiki ileile akaja Efraimu, afisa mifugo, kijana mrefu mwenye koti la mvua na buti zenye matope. Alitaka kipeperushi cha usafi wa maziwa kwa ajili ya akina mama wanaofuga kule Olmotonyi na vijiji vya jirani. Maneno alikuwa nayo. Picha hakuwa nazo.

"Tafuteni ninyi," alisema. "Mimi nimechoka."

Nalepo akatafuta. Akaandika "mwanamke, kukamua, ng'ombe". Akaja mama wa Kizungu mwenye suruali ya jinzi, ndani ya banda linalong'aa kama chumba cha upasuaji. Akaongeza neno "Afrika". Akaja msichana mwenye shanga kichwani na miguuni, chungu mkononi, nyumba ya majani nyuma yake, na ng'ombe mwenye pembe zinazofika mbinguni.

Efraimu alicheka bila furaha. "Nikiwapelekea hii, wataniuliza huyu dada amevaa hivyo anakwenda kukamua au kuolewa. Kila mwaka natafuta picha, na kila mwaka sizipati."

Nalepo akageuka kumwangalia Foram, naye Foram alikuwa tayari anamwangalia yeye juu ya miwani. Kila mwaka mtu huyu anatafuta na hapati. Na kama ni yeye, basi na wenzake wa Njombe, wa Kenya, wa Uganda. Simba wamejaa sokoni hadi wanakanyagana, na hakuna aliyemchora mwanamke wa kawaida, mwenye buti za mpira, anachuja maziwa kwa kitambaa.

"Nipe hadi Jumatatu," Nalepo akasema.

Jumamosi alfajiri alishuka Ngaramtoni, akachukua bodaboda hadi Olmotonyi kwa shangazi yake, Anyesi, dada mkubwa wa baba yake. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya miti ya msitu na mlima Meru haukuonekana kabisa. Anyesi alikuwa mjane, mzee wa kanisa, kiongozi wa sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika. Alifuga ng'ombe watatu na kuuza miche ya miti. Alikuwa na pengo la mbele, kovu dogo la mundu kwenye shavu la kulia, na kilemba alichokifunga kwa fundo juu ya sikio la kushoto, namna ambayo hakuna mwanamke mwingine kijijini aliyeifunga. Ukimwona kwa mbali unamjua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema hivyo? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuchora ukikamua. Ni kazi ya Efraimu wa mifugo."

"Basi kaa mbali na miguu ya huyu mwekundu," Anyesi akasema, akavuta kigoda.

Nalepo alichora asubuhi nzima, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Shangazi akiosha kiwele kwa maji ya vuguvugu. Shangazi akichuja, akifunika keni, akiipeleka kituo cha maziwa. Mwishoni, ng'ombe wa tatu alipokwisha kukamuliwa, Anyesi aliinuka kwenye kigoda, akaweka mkono kiunoni, akafumba macho, akakunja uso kwa maumivu ya mgongo huku anataka kucheka. Ilikuwa mara moja tu, kama kupepesa. Nalepo akaidaka.

Michoro kumi na moja ilipatikana. Efraimu alichukua minne na kuondoka amefurahi. Ile saba iliyobaki, na hiyo minne pia, Nalepo akaipeleka sokoni.

Safari hii alifanya kama mfanyabiashara. Aliiweka kama seti moja, rangi zinazoshabihiana, mtu yuleyule, ili mwenye kuhitaji moja ahitaji na ya pili. Aliacha nafasi tupu kando ya kila mchoro, mnunuzi apate pa kuandika maneno yake. Na kwenye maneno ya kutafutia hakuandika "Afrika" na "uzuri". Aliwaza kama Efraimu aliyechoka: mfugaji, mama, maziwa safi, buti, kijijini, Tanzania. Kwa ule wa mkono kiunoni akaongeza: maumivu ya mgongo, uchovu, afya.

Kabla ya kupokea picha, tovuti iliuliza swali moja. Je, mchoro huu unamwonyesha mtu halisi anayeweza kutambulika? Kama ndiyo, ambatisha fomu ya ridhaa yenye saini yake.

Nalepo alilitazama swali hilo. Kupata saini maana yake ni kurudi Olmotonyi, kueleza mtandao ni nini na mnunuzi ni nani, kujibu maswali ya shangazi ambayo hayaishi. Wiki nyingine nzima. Vidole vilikuwa vinamwasha. Akabonyeza "Hapana".

Siku ya tatu akauza. Siku ya tano akauza mara nne. Baada ya miezi miwili ukurasa uliandika mia moja na tatu, na zaidi ya nusu ilikuwa picha moja, ile ya mkono kiunoni.

Ungedhani sasa angetulia. Wapi! Aliyeonja ana njaa kuliko asiyeonja. Sasa aliangalia simu hata katikati ya sala. Zikipita saa sita bila mauzo anafungua ukurasa upya, ikipita siku anajiuliza amekosea nini. Foram alimpongeza kwa kumwekea kikombe cha chai karibu na kompyuta, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

Kisha, Jumatano moja asubuhi, simu ikaita yenyewe.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Anyesi.

"Kazini, shangazi. Shikamoo."

Haikuitikiwa. Tangu azaliwe, Nalepo hakuwahi kuona salamu yake ikiachwa hewani na shangazi yake.

"Njoo," Anyesi akasema, akakata.

Alimkuta ameketi sebuleni, mgongo wima. Kando yake alikuwa Susana, jirani na mwimbaji mwenzake, mwanamke mnene mcheshi ambaye leo hakuwa anacheka. Mezani palikuwa na karatasi iliyokunjwa, pembe zimechanika, gundi bado inanata nyuma. Susana alikuwa ameibandua kwenye nguzo ya umeme karibu na soko la Kwa Mrombo.

"Ifungue," Anyesi akasema.

Nalepo akaifungua. Ulikuwa mchoro wake. Pengo, kovu, fundo la kilemba, mkono kiunoni, macho yamefumbwa. Juu yake, kwa herufi nyekundu: MKOJO HUKUTOKA BILA TAARIFA? Na chini: Mama huyu aliteseka miaka saba. Sasa amepona. Kisha namba ya simu.

"Zipo nyingi," Susana akasema taratibu. "Nguzo kwa nguzo. Na mtu keshaituma kwenye kundi la kwaya."

Nalepo akaikunja tena karatasi.

"Efraimu ndiye aliyeiuza?" Anyesi akauliza.

"Hapana, shangazi. Ni mimi. Niliiweka kwenye mtandao."

"Ukamuuzia nani?"

"Sijui. Wanunuzi hawatajwi majina."

"Hao wenye mtandao wanachukua tu sura ya mtu? Hawaulizi?"

Hapa Nalepo angeweza kusema uongo, na shangazi asingejua.

"Waliuliza. Waliuliza kama aliyechorwa ni mtu halisi."

"Ukajibu nini?"

"Nikajibu hapana. Hakuna mtu."

"Hakuna mtu," Anyesi akarudia. Aliyasema maneno hayo polepole, kama anayejaribu kiatu kisichokuwa chake. "Nimekubeba mgongoni mama yako alipolazwa. Nimekununulia rangi zako za kwanza. Mimi ndiye hakuna mtu."

Nalepo alilia, lakini kulia hakukuwa jibu, na chumba kizima kilijua hivyo. Akatoa simu. Mtandao wa pale ulikuwa wa kubahatisha, ikabidi asimame mlangoni, nusu ndani nusu nje, akiufuta mchoro mmoja baada ya mwingine, yote kumi na moja. Alipofika kwenye ule wa mkono kiunoni kidole kilisita. Ndio uliokuwa unambeba. Akaufuta.

"Nimeiondoa, shangazi. Hakuna atakayeinunua tena. Lakini walioinunua tayari… hiyo siwezi kuirudisha."

"Hii moja, wangapi?"

"Sitini na moja."

"Kwa hiyo niko mahali sitini na moja."

"Ndiyo."

"Na mahali pote hapo," Anyesi akasema, "sijui ninasema nini."

Akainuka akaenda zizini. Hakurudi hadi Nalepo alipoondoka.

Siku iliyofuata Nalepo aliomba ruhusa kazini, akapiga ile namba iliyoandikwa chini ya tangazo. Ikampeleka kwenye kibanda cha dawa za mitishamba Kwa Mrombo, cha mtu aitwaye Hans, mzee mwenye sweta na sauti ya upole. Nalepo alikuwa amejiandaa kwa ugomvi njia nzima. Lakini Hans alimsikiliza hadi mwisho, akatoa simu yake, akamwonyesha risiti ya tovuti.

"Mimi sikuiba, binti. Nilinunua. Nilitafuta mama wa kwetu mwenye maumivu, nikampata huyu tu. Wengine wote ni Wazungu."

Nalepo aliisoma risiti hadi mwisho. Alikuwa anamtazama mnunuzi wake wa kwanza kuonana naye uso kwa uso, na mnunuzi alikuwa na haki yake.

"Kosa ni langu, mzee," alisema. "Huyo ni shangazi yangu, na sikumwomba. Niruhusu nikuchoree tangazo jingine na nilichapishe mwenyewe. Hili nilibandue."

Hans akafikiri, akikuna kidevu. "Lakini liwe na mtu. Watu wanataka kuona mtu."

Nalepo akakaa palepale kwenye benchi la wateja, akafungua kishikwambi. Alichora bomba la maji linalovuja, tone kwa tone, na chini yake ndoo iliyokwisha kujaa hadi pomoni. Hakuweka mtu. Hans alipoliona alianza kutabasamu, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Hili hata asiyejua kusoma atalielewa," alisema.

Siku mbili Nalepo alizunguka Kwa Mrombo na ndoo ya maji na kisu kisicho na makali, akilowesha karatasi na kuzikwangua nguzoni. Watu walimsimamisha: wewe ni wa manispaa? Umefukuzwa na mganga? Yeye alikwangua tu. Ile miguu isiyojua kutulia ilipata kazi yake. Alihesabu uso wa shangazi yake mara themanini na nane, na kila mara ilibidi auchane ndipo utoke.

Aliiandikia tovuti pia, akasema ukweli: niliwaambia hakuna mtu, na mtu alikuwepo. Wakaifunga akaunti yake kwa wiki moja. Foram aliposikia habari yote hakumlaumu wala hakumtetea.

"Baba alipouza kisu," alisema, "alikuwa anajua kwamba kuna ng'ombe. Sasa na wewe umejua."

Anyesi hakupokea simu. Siku ya tisa akapiga mwenyewe. Safari hii aliitikia shikamoo, kwa sauti kavu, kisha akatoa sharti. "Jumapili uje. Baada ya ibada utasimama mbele ya kwaya, useme ulichofanya. Mimi siwezi kumweleza kila mmoja kwamba mkojo wangu hauna tatizo."

Akaenda. Wanawake ishirini na kitu walikaa kwenye mabenchi ya nyuma, majoho ya kwaya mapajani. Nalepo alisimama, akaeleza yote: simba kumi na wawili, Efraimu, fundo la kilemba, swali aliloulizwa na jibu alilolitoa. Hakuficha kwamba zilikuwa zinauzika.

"Mama Anyesi, nisamehe," mmoja akasema kutoka nyuma. "Mimi ndiye niliyeituma kwenye kundi."

Anyesi akatikisa kichwa kidogo, macho mbele.

Kisha Susana akainua mkono kama mwanafunzi. "Na anayetaka je?"

"Anayetaka nini, yeyo, mama yangu?" Nalepo akauliza.

"Kuchorwa. Mimi mgongo unaniuma kwelikweli. Kama kuna watu wanatafuta mama mwenye maumivu na hawampati, mimi nipo. Ila mkojo sitaki."

Kicheko kililipuka, kikazunguka benchi hadi benchi. Nalepo alimtazama shangazi yake. Anyesi hakucheka. Lakini hakuondoka pia.

"Mimi hutanichora tena," alisema kicheko kilipoisha, na ilikuwa amri, si hasira. "Na hao watakaokubali, hutawachora bila mimi kuisoma hiyo karatasi yao kwanza."

Basi Jumamosi iliyofuata Nalepo alipanda tena Olmotonyi, na bahasha yenye fomu za ridhaa. Alikuwa amezitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, akisaidiwa na Foram kila aliposhindwa. Akaunti ilikuwa imefunguliwa siku mbili kabla. Mwezi huo alikuwa ameuza picha tisa, simba mmoja akiwemo, na njia nzima alikuwa na wasiwasi: je, atakayechorwa akijua anachorwa, uso wake utakuwa hai kama ule? Hakujua. Alifika akiwa hajui.

Susana alikuwa amevaa buti mpya za mpira, amekaa barazani kwake. Anyesi aliketi pembeni yake na miwani ya kusomea, kalamu mkononi. Alisoma fomu kwa sauti, mstari baada ya mstari, kama anayesoma somo la Jumapili. Alipofika penye "matangazo ya dawa" akaandika hapana kwa herufi kubwa. Penye "pombe" akaandika hapana kabla ya kuulizwa mtu. Penye "kilimo, elimu, afya ya mifugo" akamtazama Susana, Susana akaitikia.

Kisha akafika mstari wa mwisho, akausoma mara mbili, akavua miwani.

"Nalepo."

"Naam, shangazi."

"Hapa wanasema ridhaa haina mwisho. Susana akifa, picha yake inaendelea kuuzwa?"

Nalepo ndiye aliyeutafsiri mstari huo. Hakuwahi hata kulifikiria swali.

"Na wajukuu zake wakiiona mahali wasipopapenda, wanakwenda kwa nani?"

"Sijui, shangazi."

"Basi kaulize," Anyesi akasema, akiweka kalamu juu ya karatasi isiyokuwa na saini. "Sisi tupo. Chai bado haijachemka."

Nalepo akashuka barazani, simu juu ya kichwa, akitafuta mtandao. Aliupata karibu na uzio wa miche, akasimama hapo mguu pande mguu sawa, akaanza kuwaandikia wenye tovuti, watu asiowajua wala kuwahi kuwaona. Barazani Susana alikuwa anauliza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kama aweke mkono kiunoni sasa au asubiri.

"Subiri," Anyesi akamjibu.